Dino 206 GT au 246 GT? Anza na sumaku

SWALI: "Assalaamu alaykum. Mimi ni mfanyabiashara wa Maskati, asili yangu Unguja. Kwa miaka mingi nimeweka akiba ninunue Dino, gari la zamani la Ferrari nililoliona mara moja ujanani na likanikaa moyoni. Sasa madalali wawili wa Ulaya wameniletea mbili. Moja ni 206 GT ya 1969, nyekundu, inasemwa 'imekarabatiwa yote' miaka ishirini iliyopita, ila picha za kazi hiyo hakuna. Ya pili ni 246 GT ya 1973 iliyouzwa mpya Marekani, ina bahasha nzima ya risiti, na rangi imepigwa upya mara moja. Moyo wangu uko kwa 206 kwa kuwa ni ya alumini na zilitengenezwa chache. Rafiki yangu fundi anasema hilo ni gari moja, tofauti ni injini tu, nisimwage pesa. Nataka kuiendesha mwisho wa juma, na siku ikifika nimwachie mwanangu. Nishauri."

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Kwa hizo mbili, kama ulivyozieleza, chukua 246.

Lakini usiichukue kwa hoja ya rafiki yako, kwa sababu hapo kateleza. 206 na 246 si gari moja lililobadilishwa injini. Bodi ni ya madini mengine, chasi ni ya urefu mwingine, na hata bloku ya injini haikusubiwa kwa madini yale yale. Nawe pia umeteleza kidogo. Unadhani ukitoa pesa za 206 unanunua alumini na uchache. Utavinunua kama bado vimo ndani ya gari hilo. Gari lililovunjwa likaundwa upya pasipo mtu kupiga hata picha moja linakuuzia jina tu, mpaka ulithibitishe.

Kazi yangu ni kukagua magari ya zamani ya Kiitaliano kabla hayajabadilisha mikono. Miaka kumi na mmoja niliifanya nikiwa katika karakana moja nje kidogo ya mji wa Modena, na chombo nilichokitumia kuliko vyote ni sumaku ndogo ya ukubwa wa sarafu, niliyoishonea kitambaa isikwaruze rangi. Nitaizungumzia sana sumaku hiyo, maana kwenye Dino hizi mbili inatoa majibu yanayopingana, na ndipo watu wanapoliwa.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya injini hii ndiyo inayozaa ulaghai wake. Dino lilikuwa jina la nyumbani la Alfredo, mtoto wa Enzo Ferrari. Alifariki 1956 akiwa na miaka 24, kwa maradhi ya kudhoofika misuli, na katika siku zake za mwisho alikuwa akijadiliana na mhandisi Vittorio Jano juu ya injini ndogo ya V6, yaani ya silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Baba akaipa injini ile jina la mwanawe. Miaka kumi hivi ikapita, kisha zikaja kanuni za mbio za magari za Formula 2 za mwaka 1967: injini ya mashindano lazima itokane na gari la kuuzwa madukani, na magari hayo yasipungue 500 ndani ya mwaka. Maranello, yaani kiwanda cha Ferrari, wakati ule haikuwa na ubavu wa kutoa mia tano za namna moja kwa haraka kiasi hicho. Ikabisha hodi Fiat. Fiat ikaunda injini hizo Turin. Nyingine ikazitia katika magari yake yenyewe, Fiat Dino Spider na Fiat Dino Coupé, na nyingine zikapelekwa kwa Ferrari. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na injini pacha katika nyumba mbili, moja ya bei ghali na nyingine ya bei nafuu. Liweke hilo kichwani, tutalirudia.

Ndiyo sababu pia Dino hizi ziliondoka kiwandani bila neno Ferrari popote kwenye bodi, na bila yule farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Ukimkuta farasi kwenye boneti, ujue kuna mwenyewe aliyembandika baadaye. Si kosa kubwa, wamiliki wengi walifanya hivyo, ila mimi nikimwona huwa najiuliza mwenyewe huyo alibadilisha nini kingine.

Sasa 206. Ilioneshwa katika maonyesho ya Turin mwishoni mwa 1967, ikatengenezwa 1968 na 1969, na orodha nyingi zinataja magari 152. Yote yana usukani wa kushoto. Umbo ni la wabunifu wa magari Pininfarina, bodi ilifuliwa kwa alumini katika karakana ya Scaglietti, Modena, ikavishwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma. Injini ni ya cc 1,987, bloku na hedi (vifuniko vya juu vya silinda) zote alumini, kabureta tatu za Weber, na kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 180 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika. Fiat, kwa injini hiyo hiyo ndani ya gari lao, walitangaza farasi 160. Wahandisi wana maelezo yao kuhusu zile ishirini, nami nina ya kwangu: anayeuza kwa bei ya juu huhesabu farasi kwa ukarimu zaidi. Uzito mkavu, yaani bila mafuta wala maji, ulitajwa kuwa kilo 900 tu. Injini iko nyuma ya viti, imelazwa kwa upana, na giaboksi iko chini yake kama pakacha lililoning'inia. Maranello haikuwahi kuuzia wateja wa kawaida gari lenye mpangilio huo kabla ya hili.

246 ikaja 1969 na kuendelea hadi 1974. Injini ilikua ikawa cc 2,419, na bloku sasa ikawa ya chuma cha kusubu, hedi zikabaki alumini. Nguvu farasi 195 kwenye mizunguko 7,600. Bodi ikawa ya chuma. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ukaongezwa milimita 60, kutoka 2,280 hadi 2,340, na uzito mkavu ukafika kilo 1,080. Piga hesabu mwenyewe: 206 kila farasi anabeba kilo tano kamili, 246 anabeba kilo tano na nusu hivi. Kwenye karatasi 246 ndiyo nzito wa miguu. Barabarani mambo ni mengine kabisa.

Nimeziendesha zote mbili mara nyingi, kwa kazi na kwa kuomba. 206 ni ya kupigiwa filimbi. Chini ya mizunguko elfu nne imelala. Ukiipandisha juu inaanza kuimba, na huwezi kuiacha ishuke bila kuona kwamba umeisaliti. Kwa nusu saa ni raha isiyosemeka. Kwa safari ya saa tatu, na joto linapita ukuta wa nyuma, unachoka wewe kabla yake. 246 inavuta kutoka chini, inakusamehe ukichelewa kubadilisha gia, na zile milimita sitini zimeifanya itulie zaidi kwenye kona ndefu. Ukiniuliza gari gani limekamilika, nitasema 246 bila kusita. Ukiniuliza gari gani linanijia usingizini, nitanyamaza kidogo.

Sauti yake nilikuwa naijua tangu utotoni, kabla sijaiona Dino yenyewe. Injini ya 246 ndiyo iliyotiwa ndani ya Lancia Stratos, gari lililochukua ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976. Safari Rally ya 1975 Kenya, Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504, lakini nyuma yake zilifuatana Stratos mbili, ya Sandro Munari na ya Björn Waldegård. Sisi watoto wa kando ya barabara ya vumbi tulikuwa tumezoea mlio wa Datsun na Peugeot. Zile Stratos zililia kama kitambaa kinachochanwa. Kwa hiyo mtu asikwambie kuwa bloku ya chuma ni ya kudharauliwa. Bloku ile ilipigwa kwenye mashimo ya Safari na ikafika mwisho.

Twende kwenye sumaku.

Kwa 246, kanuni ni rahisi: bodi ni ya chuma, basi sumaku lazima ishike. Pitisha polepole kwenye vizingiti vya milango, sehemu ya chini ya milango, kingo za madigadi yote manne, na pembe za nyuma chini ya taa. Mahali inapolegea au kuanguka, chini ya rangi pana puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bodi, na chini ya puti kuna kutu au dalili ya ajali. Kisha fungua boneti ya mbele, toa tairi la akiba, angalia anapokaa betri. Asidi ya betri imekula chuma cha Dino nyingi kuliko mvua. Nyuma, inua zulia la buti uangalie sakafu yake. Fremu nayo uigongegonge kwa mpini wa bisibisi kutoka chini. Bomba zima linalia, bomba lililoliwa kutoka ndani linatoa sauti ya nazi iliyooza.

Kwa 206 mambo yanageuka. Sumaku isishike popote kwenye ngozi ya nje. Ikishika kwenye fenda au mlango, mtu kaweka kipande cha chuma, labda kilichotolewa kwenye 246 iliyogongwa. Hapo thamani imekatika, na kukirudisha kunataka fundi wa kufua alumini kwa mkono, watu ambao hata Modena wanazidi kupungua.

Sasa angalia mtego. Puti nayo haishiki sumaku. Kwa hiyo 206 iliyojaa puti toka pua hadi mkia itafaulu mtihani wa sumaku kwa alama zote. Liliwahi kunikuta. Nilipelekwa kuona 206 ya bwana mmoja, nikapitisha sumaku kila pahali, ikateleza kama iko kwenye kioo, mwenye gari akatabasamu, nami nikatabasamu. Nilikuwa nimeshafunga mkoba ndipo nikaegemeza mkono kwenye fenda ya mbele, na vidole vikasikia baridi tofauti. Nikagonga kwa kucha. Alumini hulia wembamba, kama sufuria tupu. Pale palilia kama ubao. Kipimo cha unene wa rangi, kile kinachosoma hata juu ya alumini, kilionesha zaidi ya milimita mbili. Rangi ya kawaida ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Chini yake tulikuta alumini iliyokunjamana kwa ajali ya zamani, haikunyooshwa, ilifunikwa tu. Tangu siku ile siingii kwenye 206 na sumaku peke yake. Nachukua na kipimo, na kucha zangu.

Kuna ugonjwa mwingine wa 206 ambao 246 haiujui. Alumini ikikaa muda mrefu imegusana na chuma, na pakawa na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kingo za milango, pale ngozi ya alumini inapokunjwa kuzunguka kiunzi cha chuma, rangi huvimba vipele vidogo. Ukivitoboa unakuta unga mweupe. Wewe uko Maskati, bahari iko mlangoni. Gari la namna hii likilala nje usiku mmoja mmoja hapo Matrah, hewa ile ya chumvi inaanza kazi. 246 nayo itashika kutu, ndiyo, lakini kutu ya chuma kila fundi bodi anaijua na anajua kuikata na kuchomelea kipande kipya. Unga mweupe wa alumini unataka mtu maalumu.

Mtihani wa pili wa sumaku uko kwenye injini, na huu wengi hawaufanyi. Ingia kutoka nyuma na taa, ifikie bloku yenyewe ubavuni. Usiguse hedi wala sampu (bakuli la oili chini ya injini), maana hizo ni alumini kwenye gari zote mbili na hazitakwambia kitu. Kwenye 246 bloku ishike. Kwenye 206 isishike. 206 ambayo bloku yake inashika sumaku imetiwa injini ya 2.4. Yapo magari yaliyofanyiwa hivyo zamani, wakati Dino ilikuwa gari kuukuu tu na mwenyewe aliihitaji itembee, hakuna aliyekuwa akifikiria minada.

Lakini, na hapa ndipo lile jambo la Fiat linarudi, bloku ya Fiat Dino 2000 nayo ni alumini. Sumaku itanyamaza, dalali atafurahi, na injini inaweza kuwa imetoka kwenye Fiat iliyoozea shambani. Vivyo hivyo kwa 246: Fiat Dino 2400 ina bloku ya chuma kama yake. Sumaku ikifika hapo imemaliza uwezo wake, sasa ni kazi ya macho na namba. Namba ya injini isomwe pale ilipogongwa, ilinganishwe na nyaraka za gari. Namba ya chasi isomwe kwenye fremu pamoja na kwenye kibao. Jambo moja dogo la kukumbuka: Dino za barabarani zilipewa namba shufwa za chasi, wakati Ferrari za V12 za miaka hiyo zilikuwa na za witiri. Mtu akikuletea Dino ya namba ya witiri, mshukuru kwa chai, inuka.

Ferrari wenyewe wana idara yao ya magari ya kale, Ferrari Classiche, inayochunguza gari na kutoa cheti iwapo chasi, injini na giaboksi ni za asili au za aina inayostahili. Dino wanazipokea. Cheti si bei ndogo, na si lazima kiwepo, ila kwa 206 isiyo na picha za ukarabati ningekifanya kuwa sharti la mauzo: cheti kwanza, pesa baadaye, na gharama abebe anayeuza. Dalali akikataa, utakuwa umeokoa nauli ya ndege.

Nirudi kwa 246, maana nayo si aina moja. Za kwanza kabisa huitwa mfululizo wa L, zilitengenezwa 357, na bado zina rimu zinazofungwa kwa nati moja kubwa katikati, kama za 206. Mkusanyaji anayetaka harufu ya 206 bila bei yake huitafuta L, na mimi ningeitafuta pia. Mwaka 1971 ukaja mfululizo wa M wa magari yapatayo 500, rimu zikawa za boliti tano. Halafu E mpaka mwisho, ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi. Yako ya 1973 ni E. GT zote pamoja zinahesabiwa 2,295. GTS, ile yenye paa la kutoa na isiyo na vioo vidogo vya pembeni nyuma, ilianza 1972 na zikafika 1,274. Soko linaipandisha GTS juu ya GT. Mimi siipandishi, paa lile linapitisha maji na mlio, na kwa jua la Oman saa sita mchana sijui nani atalitoa. Katika siku za mwisho za utengenezaji iliwezekana kuagiza viti vya mtindo wa Ferrari Daytona na madigadi yaliyopanuliwa kwa rimu pana za Campagnolo. Ukiona tangazo linalotaja vitu hivyo viwili pamoja, bei itakuwa ya juu, na udanganyifu pia uko juu, kwa sababu viti na rimu vinaweza kununuliwa na kufungwa baadaye. Uliza karatasi za siku gari lilipozaliwa.

Ya Marekani, kama yako, ilipunguzwa nguvu hadi farasi 175 kwa ajili ya sheria zao za moshi, ikawekewa taa ndogo za ubavuni na taa za mbele za ishara zenye umbo tofauti. Wakusanyaji wa Ulaya huzitazama kwa jicho la pembeni, na kwa sababu hiyo bei yake hushuka kidogo. Kwako wewe hiyo ni neema. Farasi wale ishirini fundi mzuri anaweza kuwarejesha bila kukata kitu, na nyingi zilizokwenda Marekani ziliagizwa na kiyoyozi. Angalia kama yako inacho na kama kinafanya kazi. Mwezi wa saba Maskati hutaniuliza kwa nini nimesema hivyo.

Niongeze hadithi moja kuhusu gari za Marekani, usije ukasema sikukuchekesha. Februari 1978, huko Los Angeles, polisi walifukua 246 GTS iliyozikwa kwenye ua wa nyumba. Ilikuwa imeripotiwa kuibwa mwaka 1974, ikiwa bado mpya, na bima ikalipwa. Gari lilitoka mchangani, likakarabatiwa, na likarudi barabarani. Kwa hiyo hata mimi nikisema kutu ni adui, kuna 246 moja iliyokaa kaburini miaka ile yote na leo inatembea.

Uendeshaji wenyewe una mambo matatu ya kukwambia. Gia ya kwanza iko kushoto nyuma, si kushoto mbele kama ulivyozoea. Wiki ya kwanza utarudi nyuma ukidhani unakwenda, kwa hiyo usianzie kwenye kilima cha watu. Gia ya pili huwa kaidi mafuta yakiwa ya baridi: toka ya kwanza nenda ya tatu kwa dakika kumi za mwanzo, usilazimishe, sinkronaiza zake, pete za kulainisha uingiaji wa gia, ni ghali. Na la tatu ni moto. Kabureta tatu, mipira ya mafuta ya miaka mingi, na bomba za moshi zikiwaka hapo hapo. Kabla ya kitu kingine chochote, badilisha mipira yote ya petroli, weka kizima moto karibu na kiti, kisha ndiyo ufikirie kuipiga rangi.

Injini ya Dino ina jambo jema kwa mtu wa mwisho wa juma: taimingi inaendeshwa kwa minyororo, si kwa mikanda ya mpira inayotaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache kama zile za Ferrari 308 zilizofuata. Mnyororo ukilegea utausikia, unapiga kelele kama mnyororo wa baiskeli uliochoka. Ukisikia kelele hiyo siku ya ukaguzi, weka kwenye hesabu gharama ya kufungua injini, na kufungua V6 ya Dino kwa fundi anayejua ni makumi ya maelfu ya dola. Tofauti ya 206 na 246 hapa ni kubwa: spea za 246, kwa kuwa gari zenyewe zilizidi elfu tatu, nyingi zimetengenezwa upya na watu mbalimbali. Za 206 pekee, vipande vya bodi na vyombo vya ndani vya ile injini ya alumini, huenda ukasubiri msimu mzima, au utengenezewe kimoja kimoja.

Kuhusu pesa na mwanao. 206 njema huuzwa kwa zaidi ya mara moja na nusu ya 246 GT njema, na sioni kitakachopindua hali hiyo, kwa kuwa 152 hazitaongezeka. Ila angalia unamwachia kijana nini. Anayemwachia mtu 206 bila picha, bila cheti, na yenye puti ambayo hakuna aliyeipima, anamwachia kesi. 246 yenye bahasha ya risiti tangu 1973, mtoto ataifungua bahasha, asome gari lilivyoishi, alijue. Nasema hivi kwa kuwa nimekaa na warithi kadhaa. Wengi huuza ndani ya mwaka, na huuza kwa hasara, kwa sababu hawajui walichonacho na hawana karatasi ya kumwonyesha mnunuzi.

Je, kuna hali ambayo ningekugeuza uende kwa 206? Ipo. Dalali yule alete picha za ukarabati, hata kumi tu, zinazoonesha bodi ikiwa tupu kabla ya rangi. Kipimo kisome rangi nyembamba kwenye kila fenda. Bloku ikatae sumaku, na namba yake ikubaliane na karatasi. Vyote hivyo vikipatikana, na bei ikabaki ile ile aliyokutajia, basi nitabeba begi langu twende pamoja, na rafiki yako fundi usimsikilize tena mpaka baada ya Eid.

Kwa sasa mwandikie huyo wa 206 barua fupi. Mwombe picha ya namba ya injini iliyopigwa karibu, picha ya namba ya chasi kwenye fremu, picha ya kifuniko cha petroli kilicho nje upande wa kushoto nyuma, maana kwenye 206 kinaonekana wazi na kwenye 246 kimefichwa chini ya kilango, na jina la karakana iliyofanya ukarabati ili uipigie mwenyewe. Huyo wa 246 mwombe nakala ya risiti zote, si za hivi karibuni tu, na picha ya mahali pa betri tairi la akiba likiwa limetolewa. Majibu yakifika nitumie mimi kabla hujatoa arubuni kwa yeyote kati yao.